Mkimbiaji wa Mwaka wa Kwanza: Ashindane au Asubiri?

Hoja iliyo mezani ni hii: mwanamichezo wa ushindani anayeingia chuo kikuu asishindane mwaka wa kwanza. Mazoezi afanye akitaka, lakini mashindano yamsubiri mpaka avuke mitihani ya mwisho wa mwaka. Hoja hii husikika sebuleni kila majina ya waliochaguliwa na vyuo yanapotoka, na mara nyingi huamuliwa mwenye miguu akiwa hayupo. Nimeipa sauti nne: mhadhiri wa kemia wa mwaka wa kwanza, kocha wa riadha, mama, na binti yake, mkimbiaji wa mita 1500 aliyepitia mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, na sasa ana nafasi ya chuo Dar es Salaam. Sauti hizi nimezitunga kutokana na yanayosemwa pande zote, kwa hiyo sikuzipa majina. Nitaingia pale nitakapoona pana la kusema.

MHADHIRI: Nianze mimi, kwa kuwa hoja naiunga mkono. Michezo siichukii. Ninachokijua ni mwaka wa kwanza ulivyo. Kijana anatoka shule ambako kengele ilimwamsha, ikampeleka kula, ikampeleka prepo. Anaingia kwenye ukumbi wenye mamia ya watu, mwalimu hajui jina lake, na akikosa kipindi hakuna wa kumuuliza alikuwa wapi. Pamoja na kemia ana DS, yaani masomo ya maendeleo, ana stadi za mawasiliano, na yote anatakiwa kuyaandika kwa Kiingereza, kurasa kwa kurasa. Wiki za mwanzo anajiona ana muda wa kutosha. Jaribio la kwanza linapotangazwa ndipo anashtuka kwamba nusu ya semesta imekwenda. Huyo ni yule asiye na jukumu jingine. Sasa mwongezee mazoezi alfajiri na jioni, mwongezee na safari.

KOCHA: Dokta, tupige hesabu basi, maana watu wanaogopa jambo ambalo hawajalipima. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha ukumbi, maabara na kujisomea. Hizo ni saa 1200 kwa mwaka, 600 kwa semesta. Zigawe kwa wiki 15 za masomo, unapata saa 40 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Akilala saa 9 kila usiku, kama mkimbiaji anavyopaswa, zinakwenda 63. Mazoezi nayapa 20, na hapo nimekuwa mkarimu. Zinabaki 45 za kula, kufua, kusali, kupanda daladala na kukaa na wenzake. Muda upo.

MHADHIRI: Upo kwenye karatasi. Aliyekimbia kilomita kumi na mbili alfajiri, ukimweka mbele ya kitabu saa nane mchana, macho yanafumba yenyewe. Saa yake moja hailingani na saa ya mwenzake aliyeamka saa mbili na kunywa chai taratibu. Halafu, Kocha, hesabu yako ni ya wiki ya kawaida. Wiki ya kawaida haimwangushi mtu. Wanaoanguka huangushwa na ile wiki moja ambayo mashindano, jaribio na ripoti ya maabara vimekutana.

Hapo Mhadhiri amegusa penyewe, na ningependa tukae hapo kidogo, kwa sababu mijadala ya jambo hili hupotea kwa kuzungumzia nidhamu na ratiba kana kwamba tatizo ni kijana kutojua kupanga siku yake. Wakimbiaji wanajua kupanga siku. Mtu anayeamka saa kumi na moja kila siku tangu kidato cha pili hahitaji semina ya matumizi ya muda. Angalia badala yake jinsi alama zinavyopatikana. Katika vyuo vyetu vingi kazi za semesta zina alama 40 na mtihani wa mwisho, UE, una 60. Zile 40 zinatokana na majaribio mawili matatu, kazi za nyumbani na maabara, na kila kimoja kina siku yake. Mhadhara ukikupita, utaazima daftari. Maabara haiazimwi: kama hukuwepo siku ya kupima asidi kwa bureti, hukupima. Siku hizo anazipanga mtu mmoja, siku za mbio anazipanga mtu mwingine, na watu hawa wawili hawajawahi kuonana.

Mkimbiaji akiitwa kambi ya timu ya taifa wiki ya jaribio, anakwenda kuomba. Kanuni za mitihani kwa kawaida zinamtambua mgonjwa na aliyefiwa. Safari ya mashindano huingizwa kwenye fungu la sababu nyingine nzito, na uzito wake unategemea nani yuko ofisini siku hiyo. Mmoja atatia saini kwa furaha na kuomba picha ya medali. Mwingine atasema chuo si uwanja. Wanafunzi wawili wa chuo kimoja, wenye barua zinazofanana, wanaweza kutoka na majibu mawili.

MAMA: Nami niseme langu, na mniwie radhi, kwa sababu sijui krediti. Mimi nina genge la mboga. Huyu nimemsomesha kwa nyanya na mchicha mpaka kidato cha sita. Sasa mkopo wa bodi ndio unaomfikisha chuo. Wananiambia pesa ya kula na kulala ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa pesa hiyo mtu anayekaa tu anakula na kushiba. Mtu anayekimbia asubuhi na jioni anakula mara mbili ya mwenzake: anataka samaki, mayai, maharage, matunda. Hiyo tofauti nani anailipa? Ni mimi. Sawa, nitalipa. Lakini akidisko, akaondolewa chuo kwa kufeli, Kocha, wewe utakuwa umeshapata mkimbiaji mwingine. Mimi sina binti mwingine wa kumpeleka chuo.

KOCHA: Mama, nimekusikia, na sina jibu la haraka kwa hilo la kudisko. La chakula nakubaliana nawe kabisa. Mkimbiaji asiyekula vizuri huumia, na akiumia anakosa mbio na anakosa vipindi. Ila usiniombe nimwambie akae mwaka mzima bila kushindana. Mbio za mita 1500 mtu hujifunza ndani ya mbio: wapi pa kukaa kwenye kundi, lini utoke, nini cha kufanya mwenzako akikukanyaga kiatu. Hayo kwenye mazoezi ya peke yako hayapo.

BINTI: Naomba niseme, Mama. Dokta, shikamoo. Nina miaka 19. Mashindano ya dunia ya chini ya miaka 20 yanamtaka mtu ambaye mpaka Desemba 31 ya mwaka ule hajafikisha 20. Yalikuja hapa karibu, Nairobi, mwaka 2021, yakaenda Cali 2022, halafu Lima 2024. Sasa ni kila miaka miwili. Nikikaa nje mwaka wangu wa kwanza, dirisha hilo linafungwa na halifunguki tena. Kuanzia hapo nitapangwa na wanawake wazima waliokimbia Olimpiki. Chuo kinanisubiri, mbio za vijana hazinisubiri. Lakini pia sitaki kuwa mtu wa mbio tu. Nataka maabara. Nilichagua kemia mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

MHADHIRI: Marahaba. Hilo la umri ni zito, silipuuzi. Lakini nikukumbushe kwamba ninalolipendekeza limewahi kufanywa, tena Marekani, nchi inayopenda michezo ya vyuo kuliko zote. Mpaka 1972, chama cha michezo ya vyuo vyao, NCAA, hakikuruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kuu za kikapu na za mpira wao wa Kimarekani. Lew Alcindor, ambaye baadaye aliitwa Kareem Abdul-Jabbar, aliingia UCLA 1965 akakaa mwaka mzima nje ya timu kuu. Alipoingia alitwaa ubingwa wa nchi mara tatu mfululizo, 1967, 1968 na 1969, na shahada yake akaipata. Mwaka ule haukumharibia kitu.

KOCHA: Dokta, malizia hadithi. Alcindor hakukaa bure mwaka ule. Alikuwa anachezea timu ya wanaoanza, yenye kocha wake na ratiba yake ya mechi. Novemba 1965 timu hiyo ya watoto iliwafunga wakubwa wa UCLA, mabingwa wa nchi nzima, 75 kwa 60, Alcindor akatia pointi 31. Masomo yake yalikuwa yamelipiwa, chakula chake kimelipiwa. Alipunguziwa mzigo, uwanjani hakuondolewa. Ukitaka kumpa binti huyu mwaka wa namna hiyo, hata mimi nitakuunga mkono.

MHADHIRI: Basi chukua Roger Bannister, mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika nne, Mei 1954, akiwa mwanafunzi wa udaktari. Aliingia Oxford 1946 akiwa na miaka 17. Walipotaka kumweka kwenye orodha ya wanaotazamiwa kwa Olimpiki ya London 1948, alikataa. Alisema hajawa tayari. Nani leo ana ujasiri wa kukataa Olimpiki ya nyumbani kwao?

BINTI: Lakini Dokta, Bannister alishindana mwaka wa kwanza. Machi 1947 alikimbia maili dhidi ya Cambridge, akashinda kwa dakika 4 na sekunde 30.8. Aliyoikataa ni Olimpiki, mbio alikuwa anazikimbia. Alichagua lipi analiweza mwaka ule.

Jibu hilo ningelipigia mstari. Ni kweli kwamba Bannister alianza na mazoezi ya nusu saa, mara tatu kwa wiki, na hakuna mkimbiaji wa leo anayefika popote kwa kiasi hicho. Enzi yake ya ridhaa imekwisha. Uamuzi wake haujaisha. Hoja yetu inasema ushindani wote au hapana kabisa, na mifano yenyewe inayoletwa kuitetea inaonyesha watu waliochagua mashindano machache.

Mifano ya karibu nasi inasema hivyo hivyo. Kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, Kenya ilipata dhahabu ya mita 800 kwa Paul Ereng na ya mita 1500 kwa Peter Rono. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani, Ereng Virginia, Rono chuo kidogo cha Mount St. Mary's huko Maryland. Miaka kumi kabla yao, Henry Rono, mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 za mwaka 1978. Na Tanzania? Medali zetu mbili za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow 1980, ni za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Nyambui alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, wakati anaichukua.

MAMA: Bayi namjua kwa shule zake za Kimara na Kibaha kuliko kwa mbio. Na yeye alisoma lini?

KOCHA: Baadaye, Mama. Rekodi ya dunia ya mita 1500 aliiweka Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2, akiwa askari. El Paso kusoma alikwenda baada ya hapo.

MAMA: Basi mbona hamsemi hivyo? Huyo Simbu aliyetuletea ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, 2025, si ni mwanajeshi pia? Jeshi linamlisha, linampa mshahara, linampa muda. Binti akimbie jeshini kwanza, chuo kitakuja. Au asome kwanza, mbio ziende. Kila jambo lina wakati wake.

Mama ana haki ya kuuliza hivyo, kwa sababu njia ya majeshi ndiyo iliyowatunza wakimbiaji wa Kenya na Tanzania kwa miongo mingi, na wala si njia ya kudharau. Ila inamtaka kijana achague kati ya maabara na uwanja akiwa na miaka 19, na walio wengi wakichagua uwanja, maabara hawarudi. Bayi alirudi darasani na akaishia kujenga shule. Ni wachache sana wenye jina la kufungua mlango wa chuo baada ya miaka yote hiyo.

KOCHA: Na kuna wanaoingia chuo wakaondoka. Emmanuel Korir alikaa El Paso mwaka mmoja, akafundishwa na yule yule Ereng, akashinda ubingwa wa vyuo wa mita 800 ndani na nje 2017, halafu akaenda kukimbia kwa kulipwa. Dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo ni yake. Nasema hivi ili nisiwadanganye: mwaka wa kwanza ukienda vizuri sana uwanjani, kishawishi cha kuacha masomo ni kikubwa.

MHADHIRI: Ahsante kwa ukweli huo. Na mimi nirudishe wangu. Kwa miaka mingi NCAA imeweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, na siku moja ya mapumziko. Kikomo kizuri. Ila safari haihesabiwi, wala matibabu ya misuli. Kwa hiyo saa halisi za mwanamichezo huzidi zile za kwenye kanuni. Hata wenye pesa na walimu wa ziada hawajalimaliza tatizo hili. Sisi tutalimaliza kwa nini?

BINTI: Kwa kupunguza masomo, Dokta, siyo mbio peke yake. Kule mwanafunzi wa kawaida huchukua krediti kama 15 kwa muhula ili amalize miaka minne. Mwanamichezo anaruhusiwa kushuka hadi 12 na bado anahesabiwa mwanafunzi kamili. Na muda wa kukamilisha misimu yake minne ya mashindano ulikuwa miaka mitano. Ule mwaka wa ziada ndio uliowaokoa wengi. Mimi hapa nikiomba masomo manne badala ya sita, nani ananikubalia? Na nikikubaliwa, bumu langu, ile pesa ya mkopo, litakuwaje?

Swali hilo la mwisho ndilo ningetaka kila mwenye mamlaka alisikie. Mkopo wa Bodi ya Mikopo unafuata mwaka wa masomo. Mwanafunzi akiahirisha, malipo yanasimama mpaka arudi. Kwa hiyo mkimbiaji wa familia ya genge la mboga, hata chuo kikimpa ruhusa ya kuahirisha semesta, hawezi kuitumia: ataishi wapi, atakula nini? Atabaki darasani kwa sababu ya chakula, atakwenda mashindanoni kwa sababu ya ndoto, na huko katikati ndiko sapu, yaani mitihani ya marudio, zinakopatikana. Mwenye baba wa kumlipia ataahirisha bila wasiwasi. Tunapouliza kwa nini wanamichezo wetu wengi huacha ama mbio ama chuo, tuanzie hapa kabla ya kuwalaumu kwa uvivu.

Jirani zetu wameonyesha kwamba serikali inaweza kuliandika jambo hili. Uganda, kati ya nafasi zake 4,000 za wanafunzi wanaosomeshwa na serikali katika vyuo vya umma, hutenga 40 kwa ajili ya wanamichezo. Arobaini ni kidogo. Lakini ziko kwenye utaratibu, zinajulikana, na kijana wa huko anaweza kuzilenga tangu sekondari. Kumpa mtu nafasi ya kuingia hakutoshi, hilo nalijua. Mgongano wa jaribio na mbio utamkuta ndani. Hata hivyo ni tofauti kubwa na kumwacha akimbie na barua mkononi kutoka mlango hadi mlango.

MHADHIRI: Nikubali kwamba nikiwa na kanuni mbele yangu kazi yangu ingekuwa nyepesi. Anayekuja ofisini nampima kwa sura na maneno yake, na hilo si haki. Ila hoja yangu sijaiondoa. Kwa hali ilivyo leo, bila kanuni hiyo, bado namshauri asubiri.

KOCHA: Na kwa hali ilivyo leo mimi namshauri achague mbio mbili tu kwa mwaka, anipe ratiba ya majaribio mapema, na kambi itakayogongana na maabara tuikatae pamoja. Nitamwambia hata katibu wa chama cha mkoa.

MAMA: Mbio mbili naweza kuzivumilia. Lakini nione matokeo ya semesta ya kwanza kabla ya ile ya pili.

BINTI: Nimekubali, Mama.

Hukumu yangu: hoja ianguke. Kumwondoa mkimbiaji uwanjani mwaka wake wa mwisho wa ujana ni kumnyang'anya kitu ambacho hakirudishiki, wakati somo lililoahirishwa linarudi mwaka unaofuata kama lilivyo. Mhadhiri ameshinda nusu ya mjadala, ile inayosema mzigo wote mwaka wa kwanza haubebeki. Nakubaliana naye kwamba kitu lazima kipunguzwe. Sikubaliani kwamba kipunguzwe upande mmoja tu. Mbio zipungue, na krediti za mwaka wa kwanza ziruhusiwe kugawanywa kwa miaka miwili kwa mwanamichezo mwenye barua ya chama cha mchezo wake, na mkopo umfuate katika miaka hiyo yote miwili. Jaribio lililogongana na jukumu la timu ya taifa lipewe siku nyingine kwa kanuni, kama linavyopewa la mgonjwa.

Kwa wewe unayeingia chuo mwaka huu na viatu vya miiba kwenye begi, kanuni hiyo bado hujaandikiwa. Nenda kwa mkuu wa idara wiki ya kwanza, kabla jina lako halijawa tatizo, na kalenda ya mashindano mkononi. Omba jibu la maandishi. Mpe kocha wako ratiba ya maabara siku hiyo hiyo. Usile bumu la mwezi kwa wiki mbili.

Na kwa wajumbe wa seneti za vyuo na wakuu wa Bodi ya Mikopo: kanuni hii haihitaji uwanja mpya wala bajeti ya mabilioni. Inahitaji kurasa mbili na saini. Ziandikeni kabla ya udahili ujao.